Korido ya mafuta na stima ikipita Ngaremara, sahihi ni ya nani? Chanuka kabla ya baraza

Kama umewahi panda gari ya kutoka Isiolo kwenda Marsabit ama Moyale, umepita Ngaremara, hata kama ulikuwa umelala. Iko hapo kati ya Isiolo town na Archer's Post: maduka pembeni ya lami, mbuzi wakivuka venye wanataka, malori yakipita mbio. Wasee wengi wa hapo ni Waturkana, na majirani ni Waborana, Wasamburu na Wameru.

Kwa mathe anayeuza maziwa hapo pembeni, lami ni soko. Kwa makaratasi ya gava, lami hiyo hiyo ni kipande cha LAPSSET, ile korido inatoka bandari ya Lamu, inapanda Garissa mpaka Isiolo, halafu inagawanyika. Mkono mmoja unaenda Moyale na Ethiopia, mwingine unaenda Turkana na Sudan Kusini. Ilizinduliwa Lamu tarehe 2 Machi 2012 na Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi, aliyekuwa waziri mkuu wa Ethiopia. Plani ilikuwa na kila kitu: barabara, reli, bandari ya gati 32, viwanja vya ndege, miji ya watalii (Isiolo ikiwa mmoja), na bomba la mafuta ghafi. Barabara ya Moyale iliisha. Gati ya kwanza ya Lamu ilifunguliwa Mei 2021. Bomba bado ni laini kwenye ramani.

Na huo ndio wakati mzuri wa kujua sheria, wakati bado ni laini kwenye ramani. Bomba likishazikwa, utakuwa unabonga na mchanga.

Swali ni moja tu: nani anasaini? Ukweli ni kwamba kuna meza tatu, na wengi wetu huskia za meza ya tatu wakati viti vishakunjwa.

Meza ya kwanza: nchi kwa nchi

Hapa wewe na mimi hatuna kiti. Lakini cheki venye inafanya kazi, juu yote mengine yanateremka kutoka hapa.

Kuna Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982. Unapea nchi zisizo na bahari, kama Uganda, Ethiopia na Sudan Kusini, haki ya kufika baharini kupitia kwa jirani. Sasa, kifungu cha 124 kinataja ni vyombo gani vinahesabika: mabehewa ya reli, meli na mashua, magari ya barabarani, na pale hali ya mahali inahitaji, wapagazi na wanyama wa kubeba mizigo. Bomba la mafuta halimo kwenye hiyo orodha. Linaingia tu kama nchi husika zimekubaliana liingie. Yaani ngamia aliyebeba gunia ametambuliwa na sheria ya dunia kuliko bomba la mabilioni ya dola. Mwambie hiyo babu yako, atacheka siku mzima.

Maana yake ni hii: bomba likivuka mpaka, linasimama juu ya mkataba wa nchi mbili husika. Mkataba ukivunjika, mafuta yanasimama. Sudan Kusini waliionja hiyo Januari 2012. Walikuwa wanapitisha mafuta yao yote Sudan mpaka Port Sudan, wakakosana juu ya ada ya kupitisha, wakafunga visima vyao wenyewe. Makubaliano yalikuja Septemba mwaka huo, Addis Ababa. Sasa angalia tena tarehe ya uzinduzi wa LAPSSET. Wiki chache tu baada ya visima kufungwa. Kiir hakuja Lamu kuogelea.

Kenya nayo ilichapwa upande mwingine. Mwaka 2015 stori ilikuwa Uganda ipitishe mafuta yake Hoima, Lokichar, hadi Lamu. Aprili 2016 Uganda ikachagua Tanzania. Ndio ikazaliwa EACOP, bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Chongoleani, Tanga. Mkataba wa Uganda na Tanzania ulisainiwa Mei 2017. Sisi tukabaki na Lokichar hadi Lamu peke yetu, zaidi ya kilomita 800, kupitia Turkana, Samburu, Isiolo, Meru, Garissa na Lamu.

Hii inabadilisha mambo kisheria kuliko watu wanavyodhani. Bomba la Lokichar–Lamu likijengwa kwa mafuta ya Turkana tu, ni mradi wa ndani, na kila kitu kiko chini ya sheria za Kenya. Siku Sudan Kusini ama nchi nyingine ikiunganisha paipu yake hapo, tunaingia kwenye mkataba wa kimataifa. Katiba kifungu cha 2(6) inasema mkataba ukishaidhinishwa unakuwa sehemu ya sheria ya Kenya. Lakini kabla ya kuidhinishwa kuna sheria ya mwaka 2012 ya kutunga na kuidhinisha mikataba: mikataba inayogusa maliasili na mazingira lazima ipite bungeni, na bunge lazima liite maoni ya wananchi. Hiyo ndio nafasi moja ambapo msee wa Ngaremara anaweza kutuma barua kwa meza ya kwanza. Tangazo hutoka gazetini, linapita, na wengi wetu tuko TikTok.

Meza ya pili: gava na kampuni

Baada ya nchi kukubaliana, kampuni nayo inataka karatasi yake na kila serikali. Kwa EACOP, Uganda ilisaini ya kwake tarehe 11 Aprili 2021, Tanzania ikasaini Mei 20. Halafu kila nchi ikapitisha sheria maalum ya bomba hilo mwaka huo huo. Wenye hisa ni TotalEnergies ya Ufaransa asilimia 62, kampuni za serikali za Uganda na Tanzania asilimia 15 kila moja, na CNOOC ya Uchina asilimia 8.

Kampuni inaogopa nini? Inaogopa kuweka doo leo, halafu kesho bunge libadilishe ushuru ama sheria ya mazingira. Kwa hivyo mikataba ya aina hii huwa na kifungu cha kusimamisha mambo: sheria ikibadilika na kampuni ikaumia, serikali inalipa ama inaiondolea hiyo sheria mpya. Bomba la kutoka Baku, Azerbaijan, kupitia Georgia hadi Ceyhan, Uturuki, lilipigiwa kelele sana na Amnesty International mwaka 2003 juu ya vifungu kama hivyo. Kwa mwekezaji hiyo ni usalama. Kwa kijiji ambacho miaka kumi mbele kitataka ulinzi zaidi wa maji yake, ni mlango umefungwa kabla hakijafika. Mimi naona hii ndio sehemu hatari kuliko zote, na ndio inasomwa na watu wachache zaidi.

Kitu kingine: kampuni huuzwa. Tullow ilipata mafuta Turkana Machi 2012, kisima cha Ngamia 1. Mzigo wa kwanza uliondoka Mombasa Agosti 2019, baada ya mafuta kusafirishwa kwa malori. Mwaka 2025 Tullow ikauza biashara yake ya Kenya kwa Gulf Energy. Ahadi ya kisima ama shule ambayo ilitolewa kwa mdomo na msee wa kampuni ya zamani, sasa unamdai nani? Kama haikuandikwa, na haikusema inamfunga pia atakayenunua, hiyo ni stori ya jaba.

Na kabla hujaanza kupigia hesabu asilimia tano, soma vizuri. Sheria ya Petroli ya 2019 inagawa faida ya serikali: asilimia 20 kwa kaunti, asilimia 5 kwa jamii ya mahali. Lakini jamii ya mahali, kwa maana ya sheria hiyo, ni watu wa kaunti ndogo ambapo mafuta yanachimbwa. Kuchimbwa, si kupitishwa. Isiolo ni njia. Njia hailipwi asilimia, inalipwa fidia ya ardhi. Kwa hivyo meza ya tatu ndio meza yako pekee ya doo.

Meza ya tatu: ardhi ya jamii

Ardhi nyingi ya Isiolo haikuwahi kuwa na hati ya mtu mmoja mmoja. Zamani ilikuwa chini ya baraza la kaunti, lile la enzi ya wakoloni na baada yao, kwa niaba ya wenyeji. Katiba ya 2010 ikaiita ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ikaeleza venye jamii inaweza kuisajili kwa jina lake.

Sasa shika hapa. Kifungu cha 6 cha sheria hiyo kinasema ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba yenu. Kaunti haiwezi kuiuza. Lakini mradi ukija na ardhi ikichukuliwa kwa lazima, fidia inaenda kwa kaunti, inawekwa kwenye akaunti maalum ya kupata riba, na inatolewa kwenu mkishajisajili. Yaani doo ni zenu, lakini funguo ziko na mwingine. Mkiwa mmesajiliwa, mnalipwa wenyewe, kupitia kamati mliyochagua.

Ngaremara ina kizungumkuti cha ziada: iko karibu na mpaka wa Isiolo na Meru, mpaka ambao kaunti hizo mbili zimevutana juu yake kwa miaka. Kama ardhi haijasajiliwa na mpaka wenyewe una kelele, ni kaunti gani itashika hizo hela? Hilo swali hutaki kuliuliza siku cheki imeshaandikwa.

Kusajili si uchawi. Jamii inajitambulisha, inaitwa mkutano kwa tangazo la wazi, mnachagua kamati ya watu kati ya 7 na 15, mnaandika orodha ya wanachama, mnaandika kanuni zenu, mnapeleka kwa msajili wa ardhi ya jamii. Mipaka inapimwa, na majirani wanapewa nafasi ya kusema. Kwa eneo la wafugaji hapo ndipo ngori hutokea, juu malisho ya kiangazi hayana ukuta na Mborana, Msamburu na Mturkana wote wamewahi kunywesha hapo. Sheria inatambua desturi za wafugaji na inaruhusu makubaliano ya malisho na wasio wanachama. Kusajili si kufungia jirani maji. Yeyote anayekuuzia usajili kama vita vya kabila ana biashara yake.

Na wewe uko Kayole ama Eastleigh unasema hii ni mambo ya wazee? Hapana. Mkutano mkuu wa jamii unaundwa na wanachama wote watu wazima, na ili uamue kitu lazima theluthi mbili wawepo. Sheria haisemi theluthi mbili ya wazee. Inasema ya watu wazima, wewe wa miaka 19 ukiwemo, dadako akiwemo, na aliyeolewa ama kuoa ndani ya jamii akiwemo. Nusu ya vijana wakiwa Nairobi wakihasol na hakuna anayerudi, mkutano hautimizi idadi, na uamuzi unakwama. Ama mbaya zaidi, mtu anajaza majina.

Kuna tofauti moja ambayo wanasiasa hupenda kuichanganya. Kampuni ikija yenyewe kutaka kuwekeza kwenye ardhi yenu iliyosajiliwa, kifungu cha 36 kinataka mazungumzo ya wazi, tathmini ya athari kwa mazingira, utamaduni na uchumi, halafu theluthi mbili wakubali. Hapo mnaweza kusema hapana. Lakini serikali ikiamua kuchukua ardhi kwa lazima kwa faida ya umma, hamna kura ya kuzuia. Mnachoweza kupigania ni utaratibu na bei. Mhesh akiwaambia jukwaani "hakuna bomba litapita bila ruhusa yenu", muulize ni njia gani kati ya hizo mbili.

Utaratibu wenyewe uko kwenye Sheria ya Ardhi ya 2012. Tume ya Taifa ya Ardhi, NLC, inatoa notisi kwenye Gazeti Rasmi. Baadaye inaita kikao cha kusikiza madai, ambapo kila mwenye maslahi anapeleka dai lake kwa maandishi. Hapa ndio unataja kila kitu: kisima, boma, miti, makaburi, njia ya mifugo kwenda mtoni. Kisichotajwa hakihesabiwi. Kanuni za 2017 zinaongeza asilimia 15 juu ya thamani ya soko kwa ajili ya usumbufu. Mabadiliko ya 2019 yanasema malipo ya haraka ni yale yanayofanyika si zaidi ya mwaka mmoja baada ya ardhi kuchukuliwa, na fidia inaweza kuwa pesa, ardhi nyingine, hata hisa kwenye shirika la serikali ama dhamana za serikali. Kuna pia baraza maalum la kusikiza migogoro ya fidia. Ukiletewa karatasi usaini haraka haraka chini ya mti, una haki ya kusema nimeichukua niisome kwanza.

Nyaya juu ya kichwa ni hesabu tofauti

Mafuta bado ni stori, lakini stima tayari inavuka. Laini ya umeme kutoka Wolayta Sodo, Ethiopia, mpaka Suswa ni ya kilovolti 500, urefu wa kilomita 1,045, na inaweza kubeba megawati 2,000. Upande wetu inashuka kupitia Marsabit na Samburu, inagusa Isiolo na Laikipia, hadi Nakuru na Suswa. Mkataba wa kununua stima ulisainiwa 2022 kwa miaka 25, ukianza na megawati 200. Stima ikaanza kuingia Novemba mwaka huo.

Kwa nyaya, mara nyingi serikali haichukui ardhi yako. Inachukua haki ya kupitisha, ile mafundi wa KETRACO huiita wayleave. Ardhi inabaki yako, mbuzi wanalisha chini, lakini huwezi kujenga nyumba wala kupanda miti mirefu kwenye huo ukanda. Kwa hivyo fidia ni ya kile ulichozuiwa kufanya, si bei nzima ya shamba. Wengi hukasirika wakiona kiasi, juu walidhani wameuza. Hamjauza. Na kama hamjauza, msikubali karatasi inayosema mmeuza.

Noma ya kuruka hatua ilionekana jirani tu, Marsabit. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana una mitambo 365 na megawati 310 kwenye ekari 150,000. Mitambo ilikuwa tayari 2017, lakini laini ya kuleta stima Suswa ikakamilika 2018. Mkandarasi kutoka Uhispania alifilisika, na wenye mashamba njiani walikuwa wanangoja fidia. Mwananchi akalipia stima ambayo haikuwa imefika. Halafu Oktoba 2021 mahakama ya mazingira na ardhi ya Meru ikasema hati za ardhi ya mradi zilipatikana kinyume cha sheria, ikapea wahusika mwaka mmoja kurekebisha. Mradi wa mabilioni, mitambo inazunguka, na hati zake zimekataliwa kortini. Kampuni yenye akili sasa inapaswa kuwa ya kwanza kuwasukuma mjisajili.

Ukiona umeuziwa mbuzi kwa gunia

Korti zimewahi kuwasikiza watu wa korido hii. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliwapa wavuvi wa Lamu kama 4,600 fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya athari za bandari ya LAPSSET, ikisema wananchi hawakushirikishwa vilivyo. Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira likafuta leseni ya kiwanda cha stima ya makaa ya mawe, Lamu hiyo hiyo, cha megawati 1,050, juu ushirikishaji wa umma ulikuwa wa kuigiza.

Lakini saa ya sheria haikungoji. Leseni ya mazingira ya NEMA ikitolewa, una siku 60 kukata rufaa kwa hilo baraza. Mahakama ya Afrika Mashariki ya Arusha ina miezi miwili tu tangu kitendo kifanyike ama ukijue. Mashirika yaliyopeleka kesi ya EACOP huko yalifungua Novemba 2020. Novemba 2023 kitengo cha kwanza cha mahakama kikaitupa, si kwa sababu hoja zao zilikuwa mbaya. Walichelewa. Majaji walihesabu kutoka siku ya mkataba wa 2017.

Kwa hivyo tarehe ni mali. Notisi ikibandikwa kwa ofisi ya chifu, piga picha ionekane na siku. Ukikaa kwa baraza, andika nani aliongea na aliahidi nini, na kabla ya kusaini ile karatasi ya mahudhurio angalia juu imeandikwa nini, juu kuna wasee washawahi kusaini kuwa walikuja, kumbe wamesaini kuwa walikubali.

Na ukienda ushago Disemba hii, kabla ya nyama, uliza kitabu cha wanachama wa jamii kiko kwa nani, na jina lako liko ukurasa gani.